Sanduku la Mpwa

Ukitaka kujua kama mwanamke aliwahi kuwa fundi bati, mtazame vidole. Vyangu vina madoa meupe ya tindikali, na kucha ya gumba la kushoto haijawahi kuota sawasawa tangu siku nyundo ilipokosea njia. Nimetengeneza vibatari, ndoo, makarai, mabomba ya kukingia maji ya mvua, na masanduku ya harusi nisiyoweza kuyahesabu. Katika yote hayo, sanduku moja bado linaniuma. Nalisema leo kwa sababu nimechoka kusifiwa kwa jambo ambalo sikulifanya.

Nyumbani kwetu Likombe ufundi wangu haukuwa kioja. Baba alikuwa fundi bati wa Mikindani aliyemfuata mke, akajenga kwa wakwe kama ilivyo desturi ya upande wa mama, na Mungu akampa watoto wa kike watupu. Alipohitaji mtu wa kumshikia bati upande wa pili nilishika mimi, kwa kuwa dada zangu walikuwa wanaogopa moshi. Mwishowe nikawa ndiye mtu wa bati na yeye ndiye wa kunishikia. Alipofariki, vifaa vyake vilibaki palepale uani, chini ya kibanda cha makuti, na mimi nikabaki navyo.

Baba aliunga bati kwa njia tatu, na zote alinifundisha kwa kunigombeza. Kwanza kukunja. Ukingo wa bati hili unaukunja kama ndoana, wa lile vilevile, unazikamatisha ndoana mbili, halafu unazilaza kwa nyundo ya mti mpaka zinakuwa pindo moja. Pindo hilo linashika, ila maji yanapita. Mahali panapovutwa, kwenye mishikio na bawaba, unatoboa kwa msumari, unapitisha kipande kifupi cha waya mnene na kukigonga kichwa huku na huku mpaka kinatanuka. Hiyo ndiyo ribiti. Halafu kuna kulehemu, ambako ndiko nilikokupenda mimi. Tindikali tulikuwa tunaituliza kwanza kwa kutumbukiza humo magamba ya betri kuukuu za tochi, yanachemka, yanatoa moshi mbaya, unangoja mpaka kimya. Unaipaka kwenye pindo. Unachukua kipande cha shaba chenye mpini kilichopashwa kwenye mkaa, unagusisha na risasi ya kulehemu, na risasi inakimbilia ndani ya pindo yenyewe kama mafuta kwenye chapati.

Lakini pawe safi. Ukigusa kwa mkono wenye mafuta, hata kidole kimoja tu, risasi inakataa, inajikusanya vidonge na kuanguka chini. Hapo baba alikuwa anawaka kweli. "Umeshika nini wewe? Umetoka kula samaki ukaja kulishika bati langu? Hebu kanawe huko!" Nilikuwa nakwenda kunawa huku nanung'unika, narudi, nafuta kwa mchanga, tunaanza upya.

Nilipoolewa, kabla sijakubali, nilimwambia mwanamume yule neno moja. Sikumwomba dhahabu, sikumwomba nyumba, nyumba ilikuwa ya kwetu. Nilimwambia: "Mimi najua dini imekuruhusu. Siku ukitaka kuoa mwingine, uje uniulize mimi kwanza, kwa mdomo wako, humu ndani. Nisije nikasikia sokoni." Akacheka, akasema atampata wapi mwingine mwenye mikono kama hii. Nikasema, apia. Akaapa, mama yangu anasikia, na dada yake yeye, yaani wifi yangu, anasikia. Hilo ndilo lilikuwa sharti langu, na kila mtu wa nyumba zetu mbili alilijua.

Tuliishi vizuri, nisiseme uongo. Alikuwa na mikorosho ya ukoo wao kule Mpapura, na msimu wa korosho ukifika alikuwa analala huko, anaokota na kukausha, anarudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye kope. Sikuwa na wasiwasi naye. Mwanamke anayeshinda na nyundo hana nafasi ya kumchunguza mtu mifuko.

Basi mwaka mmoja katika ile miaka ya tisini akarudi kutoka Mpapura mchangamfu kuliko kawaida, kaleta kuku na mabibo, akakaa karibu yangu uani.

"Mama watoto, mpwa wangu anaoa."

"Yupi, yule wa wifi? Yule mtoto?"

"Amekuwa. Mtu mzima yule sasa. Nataka uniungie sanduku, lakini liwe sanduku kweli, watu waseme."

Mtu wa kwingine angeuliza: mpwa aoe, sanduku ununue wewe kwa nini? Kwetu huku swali hilo halipo. Mjomba ndiye mwenye mpwa. Posa ni yake, mahari anasimama yeye, na sanduku la nguo za bibi harusi linatoka mkononi mwake. Baba mzazi anaweza kukaa pembeni anakunywa kahawa. Kwa hiyo niliposikia mpwa sikushtuka hata kidogo, nilifurahi. Nikamwambia nitamfanyia sanduku mpaka wakwe wasahau kula.

Tumbo langu wakati huo lilikuwa mbele, miezi ya mwisho. Mama alinikataza kukaa kwenye moshi wa tindikali, akasema nitazaa mtoto anayekohoa. Nilifunga kanga puani nikaendelea. Na wifi akaja kunisaidia! Alihamia kwetu kabisa, analala chumba cha mama, anaamka na mimi, anapuliza mkaa, ananishikia bati. Tulikuwa tunapiga soga kutwa. Nilimuuliza bibi harusi ni mtoto wa nani, akasema wa watu wa upande wa pili wa kijiji, mpole, hana maneno. Nikamuuliza mrefu au mfupi, ili nijue sanduku liwe na kimo gani kwake akilifungua. Wifi akafikiri, akaniambia anakufika begani.

Niliunga sanduku lile kwa moyo wangu wote. Pembe zote nilikunja pindo la mara mbili. Mishikio nilipiga ribiti nne kila upande, na ndani nikaziwekea kibati ili zisichane nguo. Nililehemu nje, nikalehemu na ndani, mahali ambapo hakuna atakayetazama. Ukingo wa mfuniko niliuviringisha juu ya waya, ukawa mviringo kama mdomo wa kikombe, maana masanduku ya madukani yalikuwa yanakata watu vidole na mimi sikutaka mwari wa watu atoke damu siku ya furaha yake. Nikalipaka kijani, nikalichorea maua mekundu. Mume wangu alipoliona alipitisha kiganja juu ya mfuniko. Halafu akasema, "Mikono hii," akanishika mikono yote miwili mbele ya dada yake. Nilijisikia mtu.

Nikatia na doti ya kanga humo ndani, zawadi yangu mwenyewe kwa bibi harusi. Mimi si mkaza mjomba wa mumewe? Ningekosa kutia neno langu?

Nikajifungua, na nikiwa bado kwenye arobaini, nimelala na mtoto na uji wa pilipili manga, harusi ikapita. Mwanamke wa arobaini haendi harusini, kila mtu anajua. Nilimwambia mume wangu anisalimie maharusi. Akasema atawasalimia. Wifi alikuja kuniaga, amejitia hina mpaka viwiko, akambusu mtoto na kuondoka haraka.

Siku niliyotoka nilikwenda sokoni mjini, mtoto mgongoni, kutafuta makopa ya muhogo mkavu. Pale kwenye makopa palikuwa na mwanamke wa Mpapura ambaye nilimfahamu kwa sura tu. Aliponiona aliacha kupima, akaja akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Hongera, mama. Hongera ya mtoto, na hongera ya moyo."

"Moyo gani tena?"

"Hee! Unajificha? Sisi tulikuwepo. Sanduku lilipofunguliwa, kila kitu kinatajwa kimetoka kwa nani, wifi yako ndiye anayetaja. Akafika kwenye sanduku lenyewe akasema: hili ameliunga mke mkubwa kwa mikono yake, tumboni ana mtoto, na kanga hii ametia yeye, anasema mwenzangu karibu. Vigelegele vilivyopigwa pale! Mpaka wanawake wengine walilia. Mfuniko haukati hata mkono, jamani. Nani anamfanyia mke mwenzie hivyo? Mungu akulipe."

Niliisikia sauti yake vizuri na sikuelewa, halafu nikaelewa. Watu walikuwa wanatazama, wanatabasamu, mwingine akasema mashaallah. Ningesema nini? Ningepiga kelele pale na mtoto mgongoni, mbele ya muhogo? Nikasema, "Ahsante." Hilo neno moja. Nikachukua makopa yangu nikarudi Likombe kwa miguu, nalia njia nzima, na waliokutana nami wakadhani nimefiwa.

Ndiyo utaratibu wetu, kutaja. Kanga inainuliwa juu, inasemwa ya nani. Viatu vinainuliwa. Marashi. Ushahidi wake ni ule, hauandikwi popote, unabaki masikioni mwa watu. Na mwanamume yule alijua. Alijua hawezi kuja kuniuliza, maana ningekataa. Alijua pia bila mimi kuonekana nimeridhia kuna watu wangekumbuka kiapo chake. Basi akaifanya kazi ya mikono yangu iseme ndiyo badala ya mdomo wangu. Jamani, mtu anakaa anafikiri hivyo? Anakula chakula changu, ananitazama nimeinama na tumbo juu ya moto, na kichwani mwake ana hesabu hiyo?

Nilipofika nyumbani alikuwa uani. Wifi naye alikuwa karudi kwetu, kakaa mlangoni, anatwanga kisamvu.

"Hukuniuliza," nikamwambia mume.

Hakujifanya hajui. "Nilikuuliza. Nilikuuliza kama utaniungia sanduku, ukasema ndiyo, tena kwa kicheko."

"Uliniambia la mpwa!"

"Mpwa naye zamu yake itafika."

Wallahi alisema hivyo. Nikamgeukia wifi. Nilikuwa nataka aseme kwamba na yeye alidanganywa, ningemwamini, nilikuwa tayari kumwamini. Alikuwa anatwanga tu, macho ndani ya kinu. Ndipo nikakumbuka nilivyomuuliza kimo cha bibi harusi, na alivyofikiri kwanza, akanipimia mke mwenzangu kwenye bega langu mwenyewe. Huyo aliniuma kuliko mume. Mume nilimjua ni mwanamume, lakini huyu tulikaa naye mkeka mmoja.

Mtaniuliza, nyumba ilikuwa ya kwenu, kwa nini hukumtolea nguo zake nje? Nilitaka. Mama akanikalisha. Akaniambia, mwanangu, mji mzima unakusifia. Ukimfukuza leo watasema alimwungia mwenzie sanduku, akamkaribisha, halafu kageuka. Watakuona wewe ndiye mwongo. Na ni kweli, sifa zilikuwa zimenifunga mikono na miguu. Kila nilipokwenda, harusini, msibani, kwenye maulidi, walikuwepo wa kuninong'oneza: una moyo wewe. Masheikh waliwatolea wake zao mfano wangu. Mwanamke mwenye moyo! Nilikuwa na hasira mpaka maziwa yalinikauka.

Mume akabaki, analala kwangu na Mpapura kwa zamu, nami nikaacha kuunga masanduku. Vibatari nikaendelea navyo, na ndoo, lakini sanduku nikawa nasema mgongo unaniuma. Mwenzangu wa Mpapura nilikuwa namwona kwenye misiba. Ni kweli alikuwa ananifika begani. Ananiamkia, "Shikamoo dada," naitikia, "Marahaba," basi, nageuka zangu. Nilimhesabu kwenye kundi lao. Yule mpwa wa kweli alikuja kuoa baadaye, kwa begi la nguo la dukani, na mimi sikwenda.

Miaka ikaenda. Ikaja ile elfu mbili na kitu, vijana wakafungua mabanda ya kuchomelea kwa umeme kando ya barabara, cheche zinaruka kutwa, wanaunga mageti na madirisha. Bati jembamba hawaliwezi, moto ule unalitoboa, kwa hiyo mimi bado nilikuwa na wateja wangu wa vyombo. Wengine walikuwa wananiletea kitu kimegandishwa kwa gundi ya dukani, ile ya kuchanganya mirija miwili, wananiambia mama, imebanduka. Nawaambia kwenye jua la Mtwara mlitegemea nini?

Asubuhi moja mwenzangu wa Mpapura akaingia uani. Peke yake, anakokota baiskeli, na kwenye keria amefunga lile sanduku la kijani.

Nilikuwa nimeshika shaba mkononi. Niliiweka chini taratibu, nikiogopa nisije nikaitumia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Baba watoto amenituma. Anasema ulitie chini mpya, chini pameliwa na kutu, na ulipige rangi upya, maua vilevile kama zamani. Anasema mkono wako ndio wanaoutaka. Kuna mpwa wake huko Mahurunga anaoa."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, yeye amesimama tu na baiskeli yake, hajui kama acheke au aondoke. Wifi alikuwa na mtoto wa kiume mmoja, naye keshaoa, ana watoto wawili wanaokimbia. Ukoo wao mzima hauna mtu Mahurunga.

"Mdogo wangu," nikamwambia, na sijui neno hilo lilitoka wapi, sikuwahi kumwita hivyo. "Kaa kwenye mkeka. Nikuulize. Siku yako ile, uliambiwa nini juu ya sanduku hili?"

Akakaa. Akaniambia baba yake hakuwa anataka. Alisema binti yake hampeleki penye mke asiyemtaka, akarudisha posa. Ndipo wakaletewa habari kwamba mke mkubwa ameridhia, tena anaunga sanduku yeye mwenyewe. Baba yake akasema hataamini mpaka alione. Sanduku likaja, akalifungua, akapitisha kidole kwenye ukingo wa mfuniko, akasema mtu aliyefanya hivi hana kinyongo. Akakubali.

"Na mimi nikakupenda kabla sijakuona," akasema. "Halafu nikakuona msibani, hukutaka hata kunitazama. Nimejiuliza miaka yote nimekukosea nini."

Nikamwambia yote, kuanzia kiapo mpaka mpwa. Alikuwa ananisikiliza huku anafuta mikono kwenye kanga, anafuta tu, na mikono haina kitu. Nilipofika kwenye mpwa akaacha kufuta. Akalitazama sanduku. Akarudia polepole, "Mpwa wa Mahurunga." Kisha akalia, kilio cha mtu aliyetukanwa, kina hasira ndani yake.

Sikumkumbatia, sisi si watu wa mchezo wa kuigiza. Nilimpa maji. Halafu nikasema, "Puliza mkaa."

Akapuliza. Nikapasha shaba, nikaipitisha kwenye pindo za nje, risasi ikalainika nikaifuta kwa tambara. Nikapitisha za ndani. Ribiti nilizikata vichwa kwa patasi, moja moja, zikawa zinarukia mchangani. Pindo nilizifungua kwa bisibisi na nyundo ya mti, nikazikunjua, nikazilaza. Waya wa mfuniko niliuchomoa mzima, haukuwa na kutu hata kidogo. Mwenzangu alinishikia bati upande wa pili, na alishika vizuri. Nikiwa nafungua nilikuwa naona kazi yangu, jinsi nilivyohangaika, na moyo uliniuma upya kama siku ile sokoni, pengine zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa nauona usafi wake. Hapakuwa na mahali hata pamoja risasi ilipokataa.

Jioni mwanamume akaja kulichukua, na rafiki yake mmoja, wananukia marashi wote wawili. Akatukuta wake zake tumekaa mkeka mmoja. Hakulipenda hilo, nililiona shingoni mwake.

"Sanduku liko wapi?"

Nikamwonyesha. Mabati yalikuwa yamepangwa moja juu ya jingine, yamefungwa kwa kamba ya katani, kijani juu, na maua mekundu yamekatika katikati. Juu yake niliweka begi la nguo zake, zote, pamoja na viatu.

"Ni nini hii?"

"La mpwa," nikasema. "Mwambie aliunge mwenyewe."

Rafiki yake alianza kucheka, akajizuia. Mume alimtazama mwenzangu, akataka kumfokea, mwenzangu akageuza uso. Akachukua begi lake. Mabati akayaacha. Nilimtazama akitoka uani kwetu na nikangoja nijisikie vizuri. Nilijisikia vizuri kidogo, siku kama tatu hivi. Mwenzangu alirudi kwao na baiskeli tupu. Baadaye nilisikia amempokea tena mwanamume yule. Ana watoto wadogo, simlaumu.

Na kule Mahurunga alioa. Sikuuliza, wala sikutaka kujua. Yale mabati nikayakata karai na vibatari, yakaisha.

Basi siku moja niko sokoni natafuta mchele. Mchele wa Mahurunga una harufu yake, mtu wa Mtwara hauachi. Muuzaji mwenyewe ametoka huko, mwanamke mnene mcheshi. Alikuwa ananitazama tangu nafika. Akamuuliza jirani yake jambo sikioni, jirani akaitikia kwa kichwa. Akainuka, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Kumbe ndiye wewe, mama! Hongera. Sisi tulikuwepo. Begi la magurudumu, zuri, la zambarau, wifi yenu mtu mzima akalinyanyua juu akasema: hili wamelichagua wake wakubwa wote wawili, wamekaa mkeka mmoja wakakubaliana. Tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Wanawake wa mjini mna moyo!"

Mara hii sikusema ahsante. Miaka yote ile nilikuwa nimelipanga jibu langu, na nililitoa lote, kwa sauti, kila mtu pale kwenye nafaka asikie. Nikasema: "Dada, begi hilo sijaliona kwa macho yangu. Sikuchagua kitu. Hata lile sanduku la kwanza nilidanganywa. Mimi sikuulizwa. Sijawahi kuulizwa hata siku moja."

Wanawake wakatazamana. Yule muuzaji akaniachia mkono, akaufunga mfuko wangu wa mchele vizuri, akanikabidhi, na akaniambia kwa upole, kama anamwonea mtu huruma:

"Mh, mama. Wivu huo. Na umri huu?"

Wakacheka, si kwa ubaya. Nikachukua mchele wangu nikaenda nyumbani.